Nakala rudufu za tarakilishi zahitaji mlinzi asiyelala

KILA usiku, katika hospitali, shule, vyama vya akiba na mikopo na maduka ya ufuo wa Ziwa Victoria, tarakilishi nyingi hutekeleza kazi ambayo hakuna anayeishuhudia. Hunakili faili na hifadhidata zake na kuziweka kando, ili pakitokea hasara, kumbukumbu ziweze kurejeshwa. Kazi hiyo huitwa kuweka nakala rudufu kwa ratiba.

Tatizo ni kwamba ratiba ikishapangwa husahaulika, na watu huamini kuwa palipo kimya pana usalama. Ukweli ni kinyume. Nakala ambayo haijafuatiliwa kwa miezi kadhaa aghalabu hugunduliwa kuwa haipo siku ile ile inapohitajika. Makala haya yanaeleza namna ya kuweka mfumo unaojiendesha wa kuzifuatilia nakala hizo.

Rekodi kutoka Mosoriot hadi Port Victoria

Magharibi mwa Kenya pana historia ndefu ya kumbukumbu za kidijitali. Mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot katika eneo la Nandi kilianza kutumia mfumo wa tarakilishi kuhifadhi rekodi za wagonjwa, kwa ushirikiano wa vyuo vikuu vya Moi na Indiana. Kutokana na juhudi hizo, mradi wa OpenMRS ulianzishwa mwaka 2004, na mwaka 2006 mpango wa AMPATH wenye makao yake Eldoret ukaanza kuutumia. Miongoni mwa kliniki zilizoingia katika mpango huo ni Chulaimbo, karibu na Kisumu, na Port Victoria, katika eneo la Budalang'i.

Kuanzia mwaka 2012, mfumo mwingine uliojengwa juu ya OpenMRS, uitwao KenyaEMR, ulisambazwa katika mamia ya vituo vya umma. Katika vituo vingi, rekodi ziliwekwa kwenye seva iliyomo ndani ya kituo chenyewe. Faida yake ni kwamba daktari aliweza kusoma rekodi hata intaneti ilipokatika. Hasara yake ni kwamba historia ya wagonjwa wote ilitegemea mashine moja, katika chumba kimoja.

Mtu anayeishi na virusi vya HIV hutumia dawa maisha yake yote. Tarehe aliyoanza matibabu, dawa zilizomdhuru, kiwango cha virusi mwilini na kama aliwahi kuugua kifua kikuu ni mambo ambayo daktari hawezi kuyabahatisha. Seva ikiharibika na nakala isipatikane, mgonjwa huyo hurudi kuwa mgeni katika kliniki aliyoizoea.

Jinsi nakala zinavyopotea kimyakimya

Sababu ya kwanza ni umeme. Dhoruba za Ziwa Victoria hujengeka sana usiku juu ya maji na alasiri juu ya nchi kavu, na radi zake huleta hitilafu. Kuna pia matukio makubwa zaidi, kama usiku wa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya nchi ilipobaki gizani. Programu ya cron, ambayo ndiyo hupanga kazi katika seva nyingi za Linux, hairudii kazi iliyopitwa na wakati wake mashine ikiwa imezimwa. Karani anayezima seva jioni ili kuokoa umeme huizima pamoja na nakala ya usiku huo.

Sababu ya pili ni saa. Anayetaka kazi ifanyike saa nane usiku sharti aandike 2 katika cron. Akiandika 8 kwa mazoea ya Kiswahili, seva itaanza kunakili saa mbili asubuhi, foleni ya wagonjwa ikiwa ndefu. Vilevile, seva isiyowekewa majira ya Afrika Mashariki yaweza kutofautiana na saa ya ukutani kwa saa tatu.

Sababu ya tatu ni diski kujaa, na ya nne ndiyo yenye hila kuliko zote. Amri ya kunakili hifadhidata, kama vile mysqldump, inapounganishwa na amri ya kubana faili, gzip, mfumo kwa kawaida huripoti matokeo ya amri ya mwisho pekee. Nywila ya hifadhidata ikibadilishwa, mysqldump hushindwa, lakini gzip hubana utupu na kutoa taarifa kwamba kazi imefaulu. Asubuhi faili ipo, ina jina na tarehe sahihi, ila ndani yake mna baiti 20 tu.

Funzo la GitLab

Yeyote anayedhani kwamba maafa haya huwapata wasio na ujuzi pekee na azingatie yaliyoipata kampuni ya GitLab, inayohifadhi kazi za watayarishaji programu duniani kote. Mnamo Januari 31, 2017, mhandisi wake mmoja alifuta kimakosa takriban gigabaiti 300 za hifadhidata kuu. Walipokwenda kutafuta nakala ya kila siku, walikuta ghala tupu. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la zamani lisilopatana na hifadhidata, hivyo kila siku ilishindwa.

Je, hapakuwa na onyo? Lilikuwapo. Kila kushindwa kulitumiwa baruapepe, lakini barua hizo zilikataliwa na seva ya kupokea kwa kukosa uthibitisho wa mtumaji. Kampuni iliokolewa na nakala nyingine iliyotolewa kwa mkono saa sita hivi kabla ya ajali, na mabadiliko ya hifadhidata ya saa hizo yakapotea.

Funzo lake ni hili: mfumo unaotoa onyo pale tu unaposhindwa hautoshi, kwa sababu onyo lenyewe laweza kupotea njiani. Wakazi wa mialo wanaifahamu kanuni hii. Wavuvi wa omena huingia ziwani usiku wa giza na taa zao. Kunapopambazuka, walio ufuoni hawangoji chombo kilichozama kilete habari. Huhesabu vilivyorudi, na kisichoonekana ndicho hutafutwa.

Hatua za kuweka mlinzi

1. Fanya mafanikio ndiyo yatoe taarifa. Mwishoni mwa kazi ya kunakili, ongeza amri inayotuma ishara kwa mlinzi kwamba kazi imekamilika. Ishara hiyo itumwe tu baada ya hatua zote kufaulu, ikiwemo ile ya mysqldump.

2. Weka mlinzi katika mashine nyingine. Seva ya Port Victoria yaweza kulindwa na tarakilishi iliyo Kisumu. Mlinzi aliye ndani ya seva hiyo hiyo hunyamaza inapozimika. Programu za bure kama Nagios, Zabbix na Healthchecks zaweza kufanya kazi hii.

3. Panga muda wa kungoja. Kwa nakala ya kila siku, mlinzi angoje saa 24 na nyongeza ya saa mbili. Muda huo ukipita bila ishara, atoe onyo, iwe chanzo ni umeme, intaneti, diski au mkono wa mtu.

4. Kagua faili yenyewe. Mlinzi asiridhike na jina. Apime umri na ukubwa wake, na kuulinganisha na wa jana. Hifadhidata ya wagonjwa hukua na ni nadra ipungue, hivyo faili iliyopungua ghafla kwa sehemu moja ya kumi inastahili kuchunguzwa. Amri ya gzip yenye alama ya -t huonyesha kama faili imeharibika. Aidha, mysqldump ikimaliza salama kwa kawaida huandika mstari wa mwisho unaotaja tarehe ya kukamilika. Mstari huo ukikosekana, nakala ilikatika katikati.

5. Pima nafasi ya diski. Onyo litolewe ikibaki asilimia 20, wala lisingoje sifuri.

6. Tumia njia ambayo watu huitazama. Baruapepe ya ofisi yaweza kukaa wiki nzima bila kusomwa. Arafa ya simu hufika hata pasipo intaneti katika simu ya anayepokea. Itumwe kwa watu wawili, ili mmoja akiwa likizoni mwingine ashughulike.

7. Mlinzi naye alindwe. Kila Jumatatu atume arafa fupi kusema yuko kazini na kutaja idadi ya nakala alizozihakiki. Jumatatu isiyo na arafa ni onyo tosha.

Tahadhari moja: maonyo yakizidi, hupuuzwa. Arafa ya kila siku isemayo kwamba mambo ni shwari huzoeleka haraka, na ile ya hatari ikija hufutwa pamoja na nyinginezo. Simu ilie tu panapohitajika mtu kuchukua hatua.

Umbali, siri na sheria

Ufuatiliaji hauna maana ikiwa nakala yenyewe iko mahali pabaya. Mei 2020, mto Nzoia ulivunja kingo zake na mafuriko yakawahamisha maelfu ya wakazi wa Budalang'i, huku maji ya ziwa yakipanda na kuvamia fuo. Nakala iliyo katika kabati la chumba cha seva hufa pamoja na seva. Kanuni inayokubalika na wataalamu ni kuwa na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali. Diski iliyoachwa imechomekwa wakati wote nayo haisalimiki na programu hasidi zinazofunga faili na kudai fidia.

Nakala inayosafirishwa sharti ifungwe kwa msimbo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti, na inamtaka mwenye kuzihifadhi amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 anapogundua kwamba zimefikiwa na wasiostahili na wahusika wako hatarini. Diski mweko iliyosahaulika ndani ya matatu yaweza kuwa kosa la kisheria.

Jaribio la mwisho

Hata mlinzi hodari hathibitishi kila jambo. Angalau mara moja kwa mwezi, nakala irejeshwe katika tarakilishi nyingine isiyotumiwa na wagonjwa, idadi ya rekodi ilinganishwe na ya seva kuu, na muda uliotumika uandikwe. Kituo kinachojua kwamba urejeshaji huchukua saa nne hupanga siku yake ya dharura vyema kuliko kile kinachokisia.

Kwa hivyo, msimamizi wa kituo, hata asiyejua lugha ya tarakilishi, ana swali moja la kumuuliza fundi wake: nakala ya mwisho iliyorejeshwa na ikafunguka ni ya tarehe gani? Akijibiwa kwamba ratiba ipo na haijawahi kulalamika, basi kazi ya kuweka mlinzi ianze siku hiyo.