Tumbi, Kisarawe na Njia ya Mloganzila

Ukitoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro na kufika Kibamba, mbele yako ni Kibaha na Mlandizi. Ukikata kushoto unaelekea Mloganzila, na ukizidi kwenda unavifikia vilima vya Kisarawe. Hapo Mloganzila, ukingoni mwa jiji, kuna hospitali yenye vitanda zaidi ya 500, iliyojengwa ili wagonjwa watibiwe na madaktari wafundishwe chini ya paa moja. Rais John Magufuli aliifungua tarehe 25 Novemba 2017. Aliyeyaona majengo hayo yakichomoza katikati ya mashamba ya mihogo na mikorosho angeweza kudhani kwamba siku hiyo ndiyo tiba ya kisasa ilipoingia upande huu. Sivyo. Watu wa Kibaha na Kisarawe walikuwa na hospitali, na hata mahali pa kusomea utabibu, muda mrefu kabla ya hapo. Asiyeijua historia hiyo hawezi kueleza vizuri Mloganzila iliwekwa pale kwa kazi gani.

Kisarawe ndiyo iliyotangulia. Katika miaka ya 1890 wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani waliweka vituo Kisarawe na Maneromango, na kama ilivyokuwa kwa misheni nyingi, dawa zilifuatana na shule na kanisa. Mwaka 1925 Waanglikana walikihamisha chuo chao cha Mtakatifu Andrea kutoka Kiungani, Unguja, wakakileta Minaki, jirani na mji wa Kisarawe. Minaki inakumbukwa zaidi kwa shule yake, lakini palikuwa pia na hospitali ya misheni, na humo vijana wa Kiafrika walifundishwa kuhudumia wagonjwa. Katika zama ambazo serikali ya kikoloni haikuwa na haraka ya kumfanya Mwafrika awe daktari, huo ulikuwa mlango mwembamba, ila ulikuwa wazi.

Mgonjwa aliyezidiwa alipelekwa Dar es Salaam. Huko tiba ilifuata rangi ya mtu. Wazungu walikuwa na hospitali yao ufukweni, Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897. Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo aliyefariki mwaka huohuo wa 1897. Mwaka 1956 ilifunguliwa hospitali mpya Upanga kwa jina la Binti Mfalme Margaret wa Uingereza, na baada ya Uhuru ikawa Muhimbili. Jina la Sewa Haji lilihamia huko na bado lipo kwenye jengo la wodi. Jengo jingine linaitwa Kibasila, jina la yule jumbe wa Kisangire, Uzaramo, aliyepinga kilimo cha pamba cha kulazimishwa na akanyongwa na Wajerumani wakati wa Vita vya Majimaji. Kwa hiyo Mzaramo wa Kisarawe anayelazwa Kibasila amelazwa katika jengo lenye jina la mtu wa kwao.

Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, madaktari Watanganyika walikuwa 12 tu. Ujinga, maradhi na umaskini ndio maadui watatu ambao Mwalimu Nyerere aliwatangazia vita, na mojawapo ya medani za mwanzo ilikuwa Kibaha. Mwaka 1962 Tanganyika ilitiliana saini na Denmark, Finland, Norway na Sweden mkataba wa kuanzisha kituo cha maendeleo katika pori la Kibaha, takriban kilomita 40 kutoka Dar es Salaam. Mambo matatu yalijengwa pamoja: shule ya sekondari, chuo cha wakulima na kituo cha afya. Mantiki yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Mtoto mwenye malaria hasomi, mkulima mgonjwa halimi, na mtu mwenye njaa hata dawa haimkai mwilini. Tarehe 10 Januari 1970 nchi hizo nne zilikabidhi kituo kwa serikali, na kikawa Shirika la Elimu Kibaha.

Kile kituo cha afya ndicho chimbuko la Tumbi, ambayo leo ni hospitali ya rufaa ya Mkoa wa Pwani. Pamoja nacho kilikua chuo cha afya ambacho kimetoa maafisa tabibu na wauguzi, watu ambao mwananchi wa kijijini huwaita daktari kwa sababu mara nyingi ndio pekee wanaomwona. Mahali penyewe pameipa Tumbi kazi ambayo waasisi wake hawakuipangia. Mabasi ya bara na malori ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi hupita hapo usiku na mchana. Ajali ikitokea kati ya Mlandizi na Kibamba, majeruhi hukimbizwa Tumbi. Wauguzi wake wamejifunza kupokea watu wengi waliovunjika kwa mkupuo mmoja, kuzuia damu, kufunga mifupa na kuamua upesi nani apelekwe Muhimbili. Ujuzi wa namna hiyo haupatikani darasani peke yake.

Muhimbili nayo ilikuwa ikikua kwa njia yake. Mwaka 1963 ilianzishwa shule ya udaktari hapo Upanga, ikaja kuwa kitivo cha chuo kikuu mwaka 1968. Mwaka 1976 kitivo na hospitali viliunganishwa kuwa kituo kimoja cha tiba. Mwaka 2000 hospitali ikatenganishwa na kuwa Hospitali ya Taifa, na mwaka 2007 chuo kikawa chuo kikuu kamili cha afya na sayansi shirikishi. Wanafunzi waliongezeka, wagonjwa waliongezeka, eneo la Upanga halikuongezeka. Ndipo serikali ilipokipa chuo ekari 3,800 Mloganzila. Hospitali ilijengwa kwa mkopo kutoka Korea Kusini, kwanza ikiwa mali ya chuo. Oktoba 2018 uendeshaji wake ulikabidhiwa kwa Hospitali ya Taifa Muhimbili, huku kazi ya kufundisha ikiendelea.

Kufundisha huko hufanyika kitandani kwa mgonjwa. Asubuhi daktari bingwa hupita wodini na kundi zima: madaktari wanaosomea ubingwa, madaktari tarajali, wanafunzi na wauguzi. Mwanafunzi husimulia habari za mgonjwa, wenzake huuliza, bingwa husahihisha, na uamuzi hutolewa mbele ya wote. Mgonjwa anaweza kuona watu wamemzidi, na ana haki ya kuombwa ridhaa na kusitiriwa. Lakini faida ni yake pia, kwa sababu kosa ambalo jicho moja lingelipitia, macho mengi hulinasa. Kwa utaratibu huo Mloganzila inatoa huduma ambazo zamani zilimpeleka Mtanzania India: kusafisha damu kwa wenye figo zilizofeli, uangalizi wa wagonjwa mahututi, na upasuaji wa kuweka nyonga na magoti bandia.

Hata hivyo, hospitali ya aina hii haikujengwa kwa ajili ya mafua na homa ya kawaida. Mfumo wetu huanzia zahanati ya kijiji, ukapanda kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya mkoa, kisha kanda na Taifa. Mama mjamzito wa Mafizi au Masaki huko Kisarawe haokolewi na mtambo wa picha ulioko Mloganzila ikiwa zahanati yake haina mkunga, au ikiwa gari la wagonjwa halina mafuta. Ngazi za chini zikilegea, foleni hufurika juu: bingwa anatumia saa zake kwa malaria, na mwenye uvimbe kichwani anasubiri. Ngazi za chini zikishika, barua ya rufaa inafika na mgonjwa aliyekwisha kupimwa na kupewa huduma ya kwanza, naye mwanafunzi anajifunza ugonjwa ambao kweli unahitaji bingwa.

Kwa hiyo naamini hazina kubwa ya Mloganzila ni ujirani wake na Tumbi na Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe. Kwa miongo mingi mtu wa Kisarawe amezoea kushuka Dar es Salaam kwa njia ya Pugu, na wa Kibaha kwa njia ya Ubungo. Sasa mabingwa wako kati yao. Daktari anayesomea upasuaji apangiwe miezi Tumbi, kwenye majeruhi wa barabarani. Anayesomea uzazi na watoto apangiwe Kisarawe, afike hadi zahanati za ndani. Nao maafisa tabibu na wauguzi wa huko wapewe nafasi ya kuja Mloganzila kunoa ujuzi na kurudi vituoni mwao. Waliopanga Kibaha mwaka 1962 waliweka shule, shamba na tiba mahali pamoja kwa sababu waliona kwamba kimoja hakisimami bila kingine. Tukiwafuata katika hilo, hospitali ya kufundishia itakuwa inafundisha mkoa mzima, na mgonjwa wa Maneromango atapata tiba iliyo bora kabla hajafikiria kupanda gari.