Msomi wa Biashara na Kazi ya Serikali: Habari za Mzumbe tangu 1953

Miongoni mwa maneno ambayo utawala uliyaeneza katika bara la Tanganyika, neno mtumishi lina habari ya pekee. Kwa sarufi limetokana na kitenzi tumika, kama mpishi alivyotokana na pika na mwandishi na andika. Na tumika yenyewe ni mtoto wa tuma. Kwa asili ya neno, basi, mtumishi ni mtu ambaye yuko aliyemtuma. Atakaye kujua jinsi kijana aliyesomea biashara alivyokuwa akiipata kazi ya Serikali katika Tanzania, na kwa nini leo humwia vigumu kuipata, hana budi kuuliza kwanza swali lililofichika ndani ya neno hilo: ni nani anayemtuma? Jibu limebadilika mara tatu katika muda wa miaka sabini hivi. Mahali ambapo mabadiliko hayo yaonekana wazi ni Mzumbe, chini ya milima ya Uluguru, kusini-magharibi ya mji wa Morogoro, karibu na barabara iendayo Iringa.

Kabla ya Mzumbe kuwa na chuo, kazi ya Serikali katika Morogoro ilikuwa kazi ya kalamu na daftari. Wajerumani, ambao reli yao kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, waliwategemea maakida na makarani wajuao kusoma na kuandika Kiswahili, na wengi wa watu hao walifundishwa katika shule za pwani, hasa ile ya Tanga. Waingereza walipokuja waliondoa uakida, na kwa sheria ya mwaka 1926 wakaweka utawala wa wenyeji, uliokuwa na hazina yake, baraza lake na mahakama yake. Hapo ndipo ilipotokea haja ya mtu wa hesabu katika kila nchi ya mtemi au sultani: karani wa kodi, mweka hazina, karani wa baraza. Elimu yake ya biashara, ikiwa yafaa kuitwa hivyo, ilikuwa kujua fedha iliyoingia, fedha iliyotoka na iliyobaki sandukuni. Daftari zake ziliandikwa kwa Kiswahili, na aliyewekwa kazini aliwekwa na mkubwa wake kwa ridhaa ya Bwana Shauri.

Mwaka 1953 Serikali ya Kiingereza ilifungua Mzumbe shule ya serikali za mitaa. Wanafunzi wake walikuwa watemi, watumishi wa tawala za wenyeji na madiwani. Jambo la kushika hapa ni utaratibu: mwanafunzi alifika shuleni akiwa na kazi yake tayari. Hakusoma ili atafute kazi. Alikuwa kazini, akapelekwa kusoma, akarudi mahali pake. Kazi ilitangulia, shule ikafuata. Aliyemtuma shambani kuhesabu vichwa vya kodi ndiye aliyemtuma Mzumbe.

Lakini utaratibu huo ulikuwa na kasoro yake, na haikuchukua muda mrefu kabla ya kasoro hiyo kujidhihirisha katika milima iliyo juu ya shule yenyewe. Katika miaka hiyo Serikali iliwataka Waluguru wachimbe matuta ya ngazi katika miteremko ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Amri ilipitia kwa utawala wa wenyeji, na waliotumwa kuisimamia ni watumishi wa utawala huo. Wakulima walikuwa na hoja. Kazi ya matuta ilikuwa nzito mno. Udongo wa chini uliofukuliwa haukuzaa kama ule wa juu. Zaidi ya hayo, ardhi ya Uluguru ni ya koo zinazohesabiwa upande wa mama, na wengi walihofu kwamba anayeamrishwa jinsi ya kulitengeneza shamba lake atafika siku ya kunyang'anywa. Mnamo Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo kupinga, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Baada ya hapo mpango wa matuta uliachwa. Mtumishi aliyekuwa amefundishwa kuweka hesabu sawasawa aliona kwamba daftari safi halimsaidii mbele ya watu ambao si wao waliomtuma. Alikuwa mtu wa nyumbani kwa kuzaliwa, lakini kwa kazi yake alikuwa mjumbe wa mbali.

Uhuru wa mwaka 1961 uliligeuza swali hilo. Mwaka 1963 utemi ulifutwa kwa sheria, hata wale ambao shule ilianzishwa kwa ajili yao, miaka kumi nyuma, hawakuwa na viti vya kurudia. Shule haikufungwa. Iliongeza mafunzo ya maofisa wa Serikali kuu, ya maofisa wa maendeleo vijijini na ya mahakimu wa mahakama za mwanzo. Wakati huo huo Dar es Salaam palikuwa na chuo kikuu, kilichoanza Oktoba 1961 kwa masomo ya sheria. Nafasi zilizoachwa na Waingereza zilikuwa nyingi na wasomi walikuwa wachache. Serikali ilipanga idadi ya wataalamu inaowahitaji, ikawalipia masomo, nao wakafungwa na ahadi ya kuitumikia kwa muda uliowekwa. Kijana hakuomba kazi, alipangiwa.

Kwamba kupangiwa huko kulikuwa na deni ndani yake kulionekana Oktoba 1966. Wanafunzi wa vyuo waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yaliwataka watumike kwa miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu wanafunzi 400, akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Hoja yake ilikuwa kwamba msomi amesomeshwa kwa jasho la mkulima, kwa hiyo mkulima ndiye anayemtuma. Hoja ya wanafunzi ilikuwa kwamba wametakiwa kujinyima na watu wasiojinyima. Kila upande ulikuwa na sehemu ya haki, na Ikulu ilikiri sehemu hiyo kwa kukata mshahara wake.

Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimfungulia msomi wa biashara mlango ambao haukuwapo. Benki, bima na biashara kubwa za kuagiza na kuuza bidhaa ziliingia mikononi mwa umma, na mashirika ya umma yakaongezeka mwaka hata mwaka. Mashirika hayo yalihitaji wahasibu, wakaguzi, mameneja na maofisa ugavi. Ndipo unapoeleweka uzito wa mwaka 1972. Katika mwaka huo mmoja Serikali ilihamishia madaraka mikoani na kuzivunja halmashauri za wilaya. Ikatunga sheria ya kuwaandikisha wahasibu na wakaguzi wa hesabu, iliyoanzisha bodi yao. Ikaunda Chuo cha Usimamizi wa Fedha mjini Dar es Salaam. Na huko Mzumbe ikaiunganisha shule ya zamani na taasisi ya utawala iliyokuwa chini ya Chuo Kikuu, kikazaliwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo. Masomo yake yalikuwa uhasibu, utawala, sheria na uongozi wa biashara. Aliyemaliza hapo alikwenda wizarani, mkoani au katika shirika. Katika kipindi hiki shule na kazi zilikwenda sambamba, kama ng'ombe wawili katika nira moja.

Nira hiyo ilikatika polepole. Morogoro yenyewe ilishuhudia. Mji ulipewa viwanda vya ngozi, viatu, turubai na nguo, na kila kimoja kilikuwa na ofisi ya hesabu. Kiwanda cha viatu, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, lakini hakikukaribia kamwe kiasi hicho, na hatimaye kikafungwa. Baada ya mageuzi ya uchumi kuanza mwaka 1986, na tume ya kurekebisha mashirika ya umma kuundwa mwaka 1992, mashirika yaliuzwa au yakafa, na makumi ya maelfu ya watumishi wa Serikali wakapunguzwa kazini. Mashirika yaliyokuwa yakimpokea mhitimu wa biashara ndiyo yaliyotangulia kutoweka.

Hata hivyo kusoma hakukupungua. Kwa sheria ya mwaka 2001 chuo cha Mzumbe kikawa chuo kikuu, na vyuo vingine vingi vikaanza kutoa shahada za biashara. Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 iliamuru kwamba kazi zitangazwe na kushindaniwa wazi, na marekebisho ya mwaka 2007 yakaunda Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Tangu hapo njia ni hii: mhitimu husoma tangazo, mathalan la afisa biashara au mhasibu wa daraja la pili, hupeleka barua na vyeti kwa njia ya mtandao, akiitwa, hufanya mtihani wa mchujo, kisha mahojiano, akifaulu bila nafasi kuwapo, jina lake huwekwa katika kanzidata kungoja. Ukubwa wa msongamano ulionekana Juni 2014, watu zaidi ya 10,000 walipokusanyika katika Uwanja wa Taifa kusailiwa kwa nafasi 70 za Uhamiaji.

Mabadiliko hayo yamesajiliwa katika vitenzi vyenyewe. Mtu wa 1953 alipelekwa. Mtu wa 1972 alipangiwa. Mtu wa leo anaomba. Vitenzi viwili vya kwanza viko katika hali ya kutendwa, na mtendaji wake ni Serikali. Kitenzi cha tatu kina mtendaji wake, naye ni kijana peke yake. Gharama nayo imehamia kwake. Zamani alilipiwa masomo akafungwa na ahadi ya kazi. Tangu Bodi ya Mikopo ilipoanza kazi mwaka 2005 hukopeshwa, akafungwa na deni, iwapo kazi imepatikana au haikupatikana. Nauli ya kwenda kusailiwa ni yake pia.

Si haki kuusifu utaratibu wa zamani kupita kiasi. Ule wa watemi uliwapendelea wana wa watemi. Ule wa kupangiwa ulimnyima kijana hiari yake. Ushindani wa wazi, ukitendwa kwa uaminifu, humfungulia mlango mtoto wa mkulima wa Kinole sawa na mtoto wa waziri. Na uhakiki wa mwaka 2017, uliowagundua watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, ulionyesha kwamba upo ulazima wa kupima.

Lakini mtihani hupima anayeomba; haumwambii anayemtuma ni nani. Msomi wa biashara amefundishwa kwa Kiingereza, na akishapata nafasi katika halmashauri atakutana na muuza mboga wa Mgeta, ambaye atamweleza habari ya leseni, ushuru na mkopo kwa Kiswahili, kama karani wa hazina alivyomweleza babu yake. Ikiwa hawezi kuieleza kazi yake kwa lugha ya aliye mbele yake, shahada yake itakuwa na thamani ile ile ya daftari safi la mwaka 1955. Mzumbe ilianza kwa kumfundisha mtu ambaye tayari alijulikana katumwa na nani. Leo humfundisha mtu ambaye bado anatafuta wa kumtuma; na wengi wa waliotafuta wamekwisha rudi Uluguru kulima mashamba ya mama zao, vyeti vikiwa sandukuni, wakingoja kuitwa.