Dhamana si uhuru wa muda

Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyotungwa tarehe 6 Agosti 1959 na inayotumika hadi leo, ina istilahi liberté provisoire. Mfasiri mwenye haraka huiandika "uhuru wa muda", naye hupindua mambo. Ibara ya 17 ya Katiba ya 2006 inasema uhuru wa mtu ndio kanuni, kumzuia ndiko kwa nadra. Na asiyehukumiwa huhesabiwa kuwa hana hatia. Kilicho cha muda, basi, ni kizuizi: saa 48 mikononi mwa polisi, kisha hati ya siku 5, kisha siku 15 kwa amri ya hakimu, halafu mwezi mmoja mmoja. Ukimwambia mkulima wa Kabambare, jimboni Maniema, kwamba amepewa uhuru wa muda, umemfundisha kwamba uhuru wake ni mali ya parke, yaani ofisi ya waendesha mashtaka, naye ameazimwa tu.

Kosa hili ni zito zaidi pale tuhuma zinapogusa asili ya mtu. Amri-sheria ya tarehe 7 Juni 1966 dhidi ya ubaguzi wa rangi na ukabila inamwadhibu anayeonyesha chuki ya kabila kwa neno, ishara au maandishi: kifungo cha mwezi 1 hadi miaka 2. Ni sheria njema. Kasongo, katika jimbo hilohilo, ulikuwa mji wa biashara ya pembe na watumwa hadi majeshi ya Francis Dhanis yalipouteka mwaka 1893. Mahali penye historia hiyo, kumwita jirani "mtumwa" ni kugusa ukoo wake mzima. Lakini kosa la mdomo halina jeraha wala kidhibiti. Watu wawili wakigombea mpaka wa shamba, mmoja anaweza kumsingizia mwenzake neno ambalo hakulitamka, na aliyesingiziwa akalala ndani kabla shahidi hata mmoja hajasikilizwa. India, yenye sheria ya 1989 dhidi ya ukatili kwa watu wa tabaka za chini, ilifunga mlango wa dhamana ya kabla ya kukamatwa. Mahakama yake ya juu kabisa ikaulegeza Machi 2018, bunge likaufunga tena mwaka huohuo. Kongo haina katazo la namna hiyo. Hakimu anapima.

Anachopima ndicho kinachotupa neno sahihi. Mtuhumiwa akiomba, hakimu anaweza kumwachilia kwa sharti la kuweka fedha kwa karani wa mahakama, ili ziwe rehani ya kufika kwake atakapoitwa. Akifika kila mara, hurudishiwa. Hiyo ndiyo maana ya dhamana: fundi huitoa kwa saa aliyoitengeneza, kiongozi huibeba kwa watu wake, na kila mahali ni ahadi yenye kitu nyuma yake. Mtu atasema neno hili la pwani huleta wadhamini, wale ndugu wawili wanaosimama mbele ya hakimu wa Tanzania, ilhali sheria ya Kongo hutaja fedha. Kweli, lakini neno halilazimiki kubeba utaratibu wa nchi moja. Hatari kubwa iko kwingine: dhamana kudhaniwa kuwa bei, kana kwamba kesi imenunuliwa ikaisha.

Pingamizi zito ni la upande wa aliyetukanwa. Akimwona mtuhumiwa sokoni kesho yake, ataamini sheria imemcheka. Tena kelele za "nimesingiziwa" ni kinga ya kale ya wenye nguvu. Sina haraka ya kulipuuza. Ila hakimu anaweza kumkataza mtuhumiwa kufika mahali fulani, kumtaka aripoti mara kwa mara, au asitoke nje ya eneo fulani. Na kwa anayeishi zaidi ya kilomita 100 kutoka mji wenye mahakama, masharti hayo si mepesi. Wala kuachiliwa hakumfanyi mlalamikaji kuwa mwongo. Kifungu cha 76 cha sheria ya adhabu, kinachoadhibu kusingizia mtu mbele ya mamlaka, hudai nia mbaya ithibitishwe. Mshtakiwa kushinda kesi peke yake hakutoshi.

Basi anayeandika Kiswahili katika ofisi za sheria za Maniema aandike "kuachiliwa kwa dhamana", na kwenye risiti aongeze mstari mmoja: fedha hizi si faini, na kesi ingali inaendelea.