Upinde, rula na fulana: kukaa kulivyopata kipimo

Mkazi wa Muleba, mkoani Kagera, akianguka mtini au kwenye bodaboda akaumia uti wa mgongo, huanzia hospitali ya Rubya, Ndolage au Kagondo, kisha Bukoba. Wengine huvuka ziwa hadi hospitali ya Bugando, Mwanza. Mifupa ikishatulia linabaki swali: ataweza kukaa bila kujishikiza?

Zamani swali hilo halikuwa na haja. Wengi walikufa mapema kwa vidonda vya mgandamizo na maambukizi ya mkojo. Mambo yalianza kubadilika tarehe 1 Februari 1944, pale Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, alipofungua wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Aliwakalisha wagonjwa mbele ya kioo ili macho yafanye kazi ya kiwiliwili kisichohisi tena. Alitegemea pia msuli mpana wa mgongo, unaopata amri kutoka shingoni ingawa umeshikamana na nyonga. Tarehe 29 Julai 1948 wagonjwa 16 walishindana kwa mishale, na hapo ndipo ilipochipuka Paralimpiki. Mvuta upinde mikono yake yote miwili ina kazi. Hana wa kumwegemeza.

Hata hivyo, kwa miaka mingi kukaa kwa mgonjwa kuliandikwa kwenye faili kuwa "vizuri", "wastani" au "hafifu", kadiri ya jicho la mwandishi. Mwaka 1990 Pamela Duncan na wenzake Marekani walipima kwa rula ukutani umbali ambao mtu aliyesimama anaweza kuunyoshea mkono bila kuhamisha miguu. Mwaka 1998 kipimo hicho kilihamishiwa kwa waliokaa: wanaume 30 wenye majeraha ya uti wa mgongo. Walioumia chini zaidi ndio waliofika mbali.

Baadaye ikaja fulana: hesabu sekunde za kuivaa na kuivua bila kuegemea. Watafiti wa Sydney walikichunguza kipimo hicho pamoja na vingine mwaka 2009. Mimi nakipenda kuliko rula, kwa kuwa kuvaa ni kazi ya kila asubuhi, na saa ya simu inatosha.

Tatizo ni kwamba kipimo hufanyika ukingoni mwa kitanda, miguu ikigusa sakafu. Nyumbani Muleba ndizi humenywa chini, mkekani, miguu imenyooshwa. Katika mkao huo misuli ya nyuma ya paja huivuta nyonga: ikikaza kiasi humshikilia mtu, ikizidi humwangusha nyuma. Kwa hiyo anayeyumba kitandani huenda akatulia mkekani, na aliyefaulu hospitali akashindwa jikoni.