Dawa ya Mtoto Ilijaribiwa kwa Nani Kwanza?

Mwaka 1937 huko Marekani, kiwanda kimoja kilitengeneza dawa ya maji ya kutibu koo. Kiliichanganya na kioevu kitamu, kumbe ni sumu, na hawakuijaribu hata kwa panya. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwemo watoto wengi. Mwaka 1938 ikatungwa sheria: dawa mpya ithibitishwe kuwa salama kabla ya kuuzwa. Basi panya, sungura na nyani wakatangulia kuzimeza.

Je, mnyama naye atetewe na nani? Uingereza ilitunga sheria mwaka 1876. Hapa kwetu ipo Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ya mwaka 1962. Mtafiti sharti awe na leseni, na mnyama akipasuliwa apewe dawa ya usingizi asisikie maumivu. Ni haki yake, maana yeye hatii sahihi kama mama anavyotia kabla ya mwanawe kupasuliwa.

Mwaka 2022 Marekani iliondoa ulazima wa kutumia wanyama. Chembe hai zilizokuzwa maabara nazo zinakubalika.