Mbwa mwitu, simba na mwanakondoo: Je, aya za Biblia zinabadilishwa na mkono wa ghaibu?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, kwa miaka kadhaa sasa kumeenea miongoni mwa baadhi ya Wakristo, hasa Marekani, dai la ajabu. Wanadai kwamba maneno ya Biblia yanabadilika yenyewe ndani ya vitabu vilivyokwishachapishwa. Mtu amekuwa na nakala yake nyumbani kwa miaka 30. Siku moja anaifungua na kukuta neno ambalo, kwa yakini yake, halikuwamo. Hasemi kuwa kuna mchapaji aliyekosea, wala kwamba yeye amesahau. Anasema wino wenyewe umegeuzwa na nguvu isiyoonekana. Wapo wanaoinasibisha nguvu hiyo na shetani, na wapo wanaoilaumu mitambo ya wanasayansi wa CERN, karibu na Geneva, iliyoanza kazi mwaka 2008.

Tumeonelea tulizungumze jambo hili kwa sababu linatugusa. Waislamu tunaitakidi kwamba vitabu vilivyotangulia vimeingiliwa na mikono ya watu. Ni rahisi basi kwa muhubiri wetu kulidaka dai hili, akapanda nalo jukwaani na kusema: "Tazameni, wenyewe wamekiri!" Je, inafaa afanye hivyo?

Dai lenyewe na asili yake

Jina linalotumika kwa mambo ya namna hii ni "athari ya Mandela". Mwanamke wa Kimarekani, Fiona Broome, ndiye aliyelieneza jina hilo mnamo mwaka 2010, baada ya kueleza kuwa yeye na wenzake walikumbuka kwamba Nelson Mandela alifia gerezani katika miaka ya 1980. Sisi Waafrika hatuhitaji kuelezwa. Mandela alitoka gerezani Februari 11, 1990, akawa rais mwaka 1994, na akafariki Desemba 5, 2013. Waliokosea ni wao. Lakini badala ya kukiri kosa, baadhi yao walisema ulimwengu ndio uliobadilika.

Fikra hiyo ilipoingia kwa wasomaji wa Biblia, mfano wao mkubwa ukawa Isaya 11:6. Wengi wanakumbuka kuwa aya hiyo inamtaja simba kukaa na mwanakondoo. Wakiifungua tafsiri ya Kiingereza ya King James, iliyotolewa mwaka 1611, wanamkuta mbwa mwitu. Mfano wa pili ni Mathayo 9:17. Wanakumbuka viriba vya divai, nao wanakuta chupa. Wa tatu ni Sala ya Bwana, ambayo maneno yake kitabuni hayalingani na yale waliyoyahifadhi utotoni.

Ushahidi wa nakala

Swali kama hili halijibiwi kwa hisia, linajibiwa kwa nakala. Mwaka 1947, wachungaji wa Kibedui waliona magombo ya kale katika pango la Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi. Miongoni mwake limo gombo la Isaya lenye urefu wa zaidi ya mita 7, ambalo wataalamu wanakadiria liliandikwa zaidi ya miaka 100 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.). Mahali hapo, kwa Kiebrania, limeandikwa neno la mbwa mwitu. Biblia ya Kiswahili ya Union Version ya mwaka 1952 nayo inamtaja mbwa mwitu. Simba hakuwahi kuwapo mahali pale.

Sasa simba ametoka wapi? Aya hiyo hiyo inamtaja mwanasimba, ila yeye yuko pamoja na ndama. Kisha katika Ufunuo, sura ya 5, simba na mwanakondoo wanatajwa kwa kufuatana. Wachoraji na watunzi wa nyimbo za kanisani wakawaunganisha wawili hao, na watu wakahifadhi picha badala ya maandishi.

Ama chupa na viriba, jambo ni jepesi zaidi. Watarjumi wa mwaka 1611 walitumia neno la chupa kwa chombo cha ngozi. Tafsiri za karne ya 20 zikatumia neno la viriba. Aliyelelewa na tafsiri mpya, akifungua ile ya zamani, anadhani ya zamani ndiyo iliyogeuzwa! Na Sala ya Bwana, Waingereza wengi waliihifadhi kutoka kitabu cha ibada cha kanisa lao, ambacho matamshi yake hayafanani neno kwa neno na ya Mathayo katika King James.

Makosa ya kweli hayakukosekana, lakini yaliacha alama. Mwaka 1631 wachapaji wa London, Robert Barker na Martin Lucas, walitoa Biblia ambayo katika amri ya zinaa neno la kukataza lilidondoka, ikawa kana kwamba watu wanaamrishwa wazini. Walitozwa faini ya pauni 300, na nakala chache zimebaki hadi leo. Hivyo ndivyo mabadiliko ya kweli yalivyo. Yana mtu aliyeyafanya, yana tarehe, na nakala zilizokosewa zinaweza kuwekwa kando ya zilizo sahihi zikalinganishwa.

Wenye dai la ghaibu wameufunga mlango huo. Ukiwaletea nakala kongwe, wanasema hiyo nayo imegeuzwa. Dai lisiloweza kukanushwa kwa ushahidi wowote haliwezi kuthibitishwa kwa ushahidi wowote pia.

Tahrifu waliyoizungumza maulamaa

Qur'an Tukufu, katika Suratul Baqara aya ya 79, inawakemea wanaoandika kitabu kwa mikono yao kisha wakadai kimetoka kwa Allah. Zingatia hapo: ni mikono ya watu, si miujiza ya wino.

Maulamaa walitofautiana juu ya kiwango cha tahrifu. Wapo walioielekeza zaidi kwenye maana na tafsiri, na wapo waliosema imeingia katika lafdhi zenyewe. Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki mwaka 456 Hijria, alikuwa mkali wa kundi la pili. Lakini alifanyaje? Aliifungua Taurati iliyokuwa mikononi mwa Mayahudi wa zama zake, akahesabu miaka na nasaba, akaonesha sehemu kwa sehemu zinapogongana.

Njia hiyo ndiyo aliyoifuata Sheikh Rahmatullah Kairanawi kule Agra, India, mwezi Aprili 1854, alipojadiliana hadharani na mmisionari wa Kijerumani Karl Pfander. Sheikh na mwenzake, Dokta Wazir Khan, walikuja na vitabu vya wataalamu wa Ulaya wenyewe, vinavyoeleza tofauti za nakala. Pfander alilazimika kukubali kwamba tofauti hizo zipo. Baadaye Sheikh aliandika Izhar al-Haqq, kitabu ambacho wahubiri wetu wananufaika nacho mpaka leo.

Na mambo ya kuthibitika yapo tele. Aya 12 za mwisho za Injili ya Marko hazimo katika nakala mbili kongwe za karne ya 4, Sinaiticus na Vaticanus. Maneno ya utatu katika 1 Yohana 5:7, Erasmus hakuyatia katika matoleo yake ya Kigiriki ya mwaka 1516 na 1519, kisha akayaingiza mwaka 1522. Wanazuoni wa Kikristo wenyewe wanayaeleza haya. Mwenye hoja kama hizi ana haja gani na uvumi?

Mizani yetu juu ya kumbukumbu

Ummah huu ulijaaliwa elimu ya kupima kumbukumbu za watu. Wanazuoni wa hadithi hawakutosheka na uadilifu wa mpokezi, walitaka pia awe na dhabt, yaani uhifadhi madhubuti. Mcha Mungu aliweza kukataliwa riwaya yake kwa sababu ya kusahau tu. Kadhi wa Misri Abdallah bin Lahi'a, aliyefariki mwaka 174 Hijria, imesimuliwa kuwa vitabu vyake viliungua naye akaanza kuchanganya. Wataalamu wakatenganisha waliopokea kwake kabla ya hapo na waliopokea baadaye. Hakuna aliyesema kwamba hadithi zimegeuzwa na majini.

Hata wasomaji wakubwa wa Qur'an waliteleza. Imamu al-Kisai, mmoja wa maimamu saba wa visomo, amesimuliwa kwamba aliswalisha mbele ya Khalifa Harun ar-Rashid, kisomo chake mwenyewe kikamfurahisha, mara akakosea neno ambalo mtoto wa chuoni hakosei. Alipoulizwa baada ya swala, alikiri kwamba hata farasi bora hujikwaa. Hakuinyooshea Mas-hafu kidole! Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Qur'an hukimbia kifuani upesi kuliko ngamia aliyefungwa kamba. Ndiyo maana tunarejea, tunasomeshana, na maamuma humkumbusha imamu wake.

Khatari ya kulipokea dai hili

Ndugu zetu maimamu na wanafunzi, tukikubali kwamba wino wa kitabu kilicho kabatini unaweza kugeuzwa pasi na mtu kuona, tutakuwa tumefungua mlango tusioweza kuufunga. Kesho kijana aliyekosea aya katika hifdhi yake atasema na Mas-hafu imegeuzwa. Allah (S.W.) ameahidi kuihifadhi Qur'an, katika Suratul Hijr aya ya 9, na ahadi hiyo tumeiona ikitimia kwa vifua na nakala, zikirekebishana kizazi baada ya kizazi.

Pia kuna suala la uadilifu. Suratul Hujurat aya ya 6 inatuamrisha kuhakiki habari, na Suratul Maida aya ya 8 inatukataza chuki isitupeleke kwenye dhulma. Kumshuhudia Mkristo kwa jambo tusilolijua, hata kama linatupendeza, ni ushahidi wa uongo. Na siku uongo huo utakapofichuka, msikilizaji atatupa hoja zetu za kweli pamoja nao.

Basi muhubiri akiletewa habari hii, na aulize: nakala ipi, ya mwaka gani, na ile ya kabla yake inasemaje? Akipata jawabu, azungumze kwa elimu. Asipopata, anyamaze.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuoneshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, na atuoneshe batili kuwa ni batili na aturuzuku kuiepuka. Wallahu A'alam.