Kutoka Mensa hadi Meza: Historia ya Kosa Moja la Kilatini

Wanafunzi wetu wa fasihi huzoezwa kuyatazama makosa ya tahajia kama taka za kufagiliwa kabla uhakiki haujaanza. Makala haya yanashikilia kinyume chake. Shahidi wetu ni neno la Kilatini mensa, yaani meza ya chakula. Historia yake katika lugha za Kiromansi, zile zilizozaliwa na Kilatini, ingetupotea kwa kiasi kikubwa lau waandishi wote wa kale wangeandika sawasawa.

Katika orodha ya masahihisho iitwayo Appendix Probi, iliyohifadhiwa katika hati moja huko Naples, mwalimu asiyejulikana jina alikusanya maumbo 227 ya kusahihishwa. Mojawapo ya maagizo yake ni kwamba isemwe mensa, wala si mesa. Wataalamu hawaafikiani kuhusu tarehe ya orodha hiyo, lakini hakuna mwalimu anayekataza jambo lisilotendwa. Wala kosa lenyewe halikuwa geni. Katika maandishi ya kaburi la Lucius Cornelius Scipio, aliyekuwa konsuli mwaka 259 K.K., cheo cha consol kimechongwa cosol, na censor kimechongwa cesor. Hii ni kusema kwamba nazali n ilikuwa imekwisha kudhoofika mbele ya s takriban karne mbili kabla ya Virgil, tena katika nyumba ya mabwana wakubwa. Anayedai kuwa lugha huharibiwa na watu wa sokoni na asome kaburi hilo.

Umbo lililokatazwa ndilo lililorithiwa. Kihispania na Kireno vina mesa. Kiromania kina masă. Mensa ya Kiitalia, yenye n yake kamili, ni umbo la kisomi lililorejeshwa kutoka vitabuni, na leo hutumiwa zaidi kwa maana ya bwalo la wanafunzi au wafanyakazi. Meza yenyewe huitwa tavolo au tavola. Kifaransa nacho kilichagua table, kutokana na tabula, ‘ubao’. Mrithi halisi wa mensa katika lugha hiyo, moise, amesalia katika istilahi za useremala tu.

Sauti, hata hivyo, ni nusu ya habari. Katika kitabu cha 3 cha Aeneid, Celaeno, kiumbe nusu ndege nusu mwanamke, anawatabiria wana wa Troya kwamba hawatauzungushia mji wao ukuta mpaka njaa iwalazimishe kutafuna meza zao. Katika kitabu cha 7 wanafika Italia, wanaandaa chakula juu ya mikate myembamba ya ngano, na kwa kuwa hakikuwatosha wanaila na mikate. Kijana Iulus anatania kwamba sasa wanakula hata meza, na babaye Aeneas anatambua papo hapo kuwa unabii wa kutisha umetimia bila madhara. Utani huo unategemea upana wa neno. Mensa haikuwa samani tu, bali chochote kinachobeba chakula, na hata chakula chenyewe: mensa secunda ilikuwa awamu ya pili ya mlo, ya matunda na vitamutamu. Kiromania kimeuhifadhi upana huo, kwani masă ni meza na ni mlo pia.

Neno hili lilifika pwani yetu kwa Wareno, waliotia nanga hapa mwaka 1498 na kuanza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593. Wapo wanaoihusisha meza na miz ya Kiajemi. Hatuoni sababu ya kutosha, kwani neno la kigeni la namna hiyo lingetarajiwa kuvikwa irabu i mwishoni, wala si a. Aidha, Kireno hutamka s iliyo baina ya irabu kwa ghuna, kama z. Ndiyo maana mesa imekuwa meza, ilhali lenço, yenye sauti sighuna, imekuwa leso. Kihispania cha Castilla kilikuwa kimeipoteza tofauti hiyo kufikia karne ya 17. Mama wa Lamu atandazapo leso juu ya meza anaitunza bila kujua.

Linabaki suala la mfasiri. Kila mara tunaletewa insha inayodai kuwa meza ni mahali pa kumezea. Si kweli: kitenzi -meza ni cha Kibantu, nayo nomino ni ya Kilatini kupitia Kireno, na kufanana kwao ni sadfa tupu. Lakini atakayemfasiri Virgil kwa Kiswahili atajikuta na zawadi asiyoiomba, maana Iulus ataweza kusema, “Ah, twameza hata meza!” Wenzetu wengine wataiona kuwa ni hila isiyomo katika matini asilia. Sisi tungeiruhusu. Iulus mwenyewe hakujua kwamba anatamka utimilifu wa unabii. Alikuwa akicheza na neno lililomjia mdomoni.